Faili lipo, nota hazipo

Kutoka vikundi vya taarab hadi kwaya za kanisani, nota za Unguja zinahamia kwenye kompyuta. Wachache wanajua jinsi zinavyoweza kutoweka humo bila kishindo.

Jina la faili ni lilelile. Tarehe ni ya jana. Ukubwa wake haujapungua hata baiti moja. Mpangaji muziki analibofya, programu inasitasita kidogo, kisha inamjibu kwamba faili limeharibika na haliwezi kufunguka. Fundi akilichungulia kwa programu inayoonyesha baiti mojamoja, anakuta sifuri tupu, tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu za fidla, kanuni, udi, nai, kodiani na besi, pamoja na maneno ya shairi yaliyokatwa silabi kwa silabi chini ya sauti ya mwimbaji, hakuna hata moja iliyosalia.

Mkasa wa namna hii wanaujua watumiaji wa programu za kuandikia nota dunia nzima, wawe wanatumia Finale, Sibelius, Dorico au MuseScore. Lakini uzito wake haulingani kila mahali. Okestra ya London ikipoteza faili la Beethoven, itanunua nakala nyingine dukani wiki hiyohiyo. Bashrafu ya taarab, yaani muziki wa ala tupu bila maneno, iliyoandikwa nota kwa mara ya kwanza na mtu mmoja, katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, haina duka inakouzwa. Faili lile likipotea, nakala ya pili haipo.

Nyimbo zilizokaa vichwani

Masimulizi ya taarab ya Unguja huanzia kwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na Mohamed Ibrahim, ambaye inasimuliwa alipelekwa Misri kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Kikundi cha Culture Musical Club nacho mizizi yake ni ya mwaka 1958.

Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, wimbo ulipita kwa sikio. Mshairi alileta beti, mwenzake akazitia mahadhi, wapiga fidla wakayafuata mahadhi hayo mara moja, mara kumi, mpaka vidole vikayazoea. Maneno yaliandikwa kwenye daftari; muziki ulikaa vichwani. Mzee mmoja akisahau kiitikio, mwenzake alikuwa nacho. Akifariki mpiga udi, kanuni na fidla bado zilijua njia. Hakuna aliyekaa akaupanga utaratibu huo kuwa mbinu ya kulinda muziki, lakini ulifanya kazi hiyo: kila wimbo ulikuwa na nakala nyingi kama walivyokuwa wengi waliouzoea.

Karatasi nayo ilikuwa na ustahimilivu wake. Mchwa, unyevu na chumvi ya bahari ni maadui wakongwe wa daftari lolote la pwani. Hata hivyo ukurasa ulioliwa pembe bado unasomeka katikati, na wino uliofifia unaweza kukisiwa na mtu anayeujua wimbo. Karatasi huharibika kidogo kidogo, na mwenye macho anaona inavyoharibika, akapata muda wa kunakili.

Mahitaji ya nota yamekua kwa sababu za wazi. Tangu 2002 chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kinachojulikana zaidi kama DCMA, kimekuwa kikifundisha vijana udi, kanuni na fidla, na pamoja na sikio wanafundishwa pia kusoma nota. Tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara huleta wanamuziki wa nchi nyingi katika Ngome Kongwe karibu kila mwaka. Mpiga chelo mgeni mwenye siku mbili za mazoezi hawezi kusubiri vidole vizoee; anataka ukurasa mbele yake. Kwa hiyo wimbo uliokaa katika vichwa ishirini unaandikwa na mtu mmoja, kwenye kompyuta mpakato moja, ndani ya faili moja. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Umeme na sekunde moja

Wakaazi wa Unguja hawahitaji kufafanuliwa maana ya kukatika umeme. Tarehe 21 Mei 2008 umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza likadumu mpaka Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani, ulianza kazi mwaka 2013, na giza la miezi likabaki kuwa hadithi. Kukatika kwa dakika tano bado kupo, na tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla, nayo humaliza uniti bila kujali nani yuko katikati ya kuandika nini. Kwa faili la nota, hata sekunde moja inatosha.

Sababu yake haionekani kwenye skrini. Mtu anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, programu huukabidhi mfumo wa kompyuta nota zote. Mfumo huzipokea, huziweka kwanza katika kumbukumbu ya muda, na papo hapo hujibu kwamba kazi imekamilika. Kuziandika kwenye diski yenyewe kunaweza kufuata sekunde kadhaa baadaye. Ni kama karani anayekuambia barua yako imeshakwenda posta wakati bado iko mezani kwake. Umeme ukikatika katika nafasi hiyo, diski inaweza kuwa imeshaandika jina la faili na ukubwa wake, lakini yaliyomo bado. Kompyuta ikiwaka tena, inakuta nafasi iliyotengwa isiyo na kitu, na kitu hicho kisichokuwepo husomeka kama sifuri.

Ubaya mkubwa zaidi uko katika namna ya kuandika juu ya faili la zamani. Programu iliyotengenezwa bila uangalifu hulifungua faili la jana, hulifuta, kisha huanza kuandika la leo mahali palepale. Ikikatizwa katikati, la jana limeshafutwa na la leo halijakamilika. Njia salama imejulikana kwa watengenezaji programu kwa miongo mingi: andika faili jipya pembeni, lazimisha diski iandike kweli, hakikisha limekamilika, ndipo ubadilishe majina. Hatua hizo zikifuatwa, mtumiaji hubaki na la jana au la leo, moja likiwa zima. Zikirukwa, anaweza kukosa yote mawili. Kosa hilo ni la mtengenezaji programu, ingawa lawama mara nyingi humwangukia mpangaji muziki, au umeme.

Flashi nazo zina lao. Nyingi hutumia mpangilio wa kuhifadhi usioweka kumbukumbu ya hatua zake, hivyo ikichomolewa kabla ya wakati hakuna njia ya ndani ya kujirekebisha. Kijana anayemaliza kuandika sehemu ya fidla ya pili, akachomoa flashi haraka ili akachapishe Darajani kabla duka halijafungwa, anaweza kufika kaunta na faili lisilofunguka.

Namna faili lenyewe lilivyojengwa huongeza hasara. Faili la MuseScore, kwa mfano, ni furushi lililobanwa, ndani yake mna nota, mpangilio wa kurasa na mambo mengine. Orodha ya vilivyomo huwekwa mwishoni mwa furushi. Mkia ukikatika, programu haioni orodha, na isipoiona orodha hukataa furushi zima, hata kama tisa ya kumi ya nota bado zimo. Fundi hodari anaweza kuzitoa baadhi. Mwalimu wa muziki mwenye onyesho jioni hatakuwa na fundi huyo wala muda huo. Karatasi iliyochanika nusu ingempa nusu ya wimbo. Faili lililokatika mkia halimpi hata nota ya kwanza.

Makosa yasiyo na kelele

Faili lisilofunguka angalau linajitangaza. Kuna makosa mengine yanayokaa kimya mpaka siku ya mazoezi.

La kwanza ni hesabu ya mapigo. Nafasi kati ya mstari wa wima na mstari unaofuata inapaswa kujaa mapigo kamili, manne yakihitajika manne. Katika pitapita za kunakili, kubandika na kubadili mgawanyo wa mapigo, programu inaweza kujichanganya, ikaacha nafasi moja ina mapigo matano katika sehemu ya fidla ya pili peke yake. MuseScore hutoa onyo wakati wa kufungua faili kama hilo: hapa yalitarajiwa manne, yamepatikana matano. Mtu mwenye haraka hulipuuza onyo na kuendelea kuandika. Kila anapohifadhi tena, kosa huingia pia katika nakala za akiba, na baada ya siku chache nakala zote alizonazo ni mbovu kwa namna ileile.

La pili linatokana na jambo zuri. Tangu Sibelius ilipoleta mwaka 2005 sehemu za wapigaji zilizounganishwa na ukurasa mkuu, mpangaji hahitaji tena kurekebisha nota mara mbili. Akibadilisha katika ukurasa mkuu, karatasi ya mpiga nai hubadilika yenyewe. Programu nyingine zimefuata mkondo huo. Lakini muungano huo huenda pande zote mbili. Anayefuta nota kwenye sehemu ya nai akidhani anapunguza karatasi moja, anazifuta pia kwenye ukurasa mkuu. Zamani makosa ya mnakili yalibaki kwenye karatasi moja, na karatasi nyingine zikamshtaki. Sasa hakuna shahidi.

La tatu ni imani katika hifadhi ya wingu. Huduma hizo husawazisha: kilichoko kwenye kompyuta hii kiwe pia kwenye ile. Faili likiharibika hapa, ubovu husafiri kwa bidii ileile kwenda kule. Baadhi ya huduma huweka matoleo ya nyuma kwa muda, na hilo limewaokoa wengi, lakini muda huo una kikomo. Wimbo unaopigwa kwa msimu wa harusi na kuwekwa kando mwaka mzima utagundulika umeharibika baada ya kikomo kupita.

Sauti iliyo kati ya 63 na 64

Taarab ina jeraha lake la pekee katika ulimwengu huu wa faili, nalo halihusiani na umeme wala diski.

Ngazi ya sauti, au maqamu, ya rast, ikianzia do, hutaka mi iliyoshushwa robo tu ya sauti, na si iliyo kamili wala iliyoshushwa nusu. Maqamu ya bayati ikianzia re hutaka mi hiyohiyo. Fidla, udi na nai huitoa bila taabu, na kanuni ina vigingi vidogo vya kuinulia na kushushia waya kwa ajili ya sauti kama hizo. Sikio la Unguja linaitambua mara moja.

Lugha ambayo ala za kielektroniki na kompyuta zimetumia kuzungumza tangu 1983, iitwayo MIDI, huzihesabu sauti kwa namba kamili kuanzia 0 hadi 127. Do ya katikati ya kinanda ni 60. Mi iliyoshushwa nusu ni 63, mi kamili ni 64. Mi ya rast ingekuwa 63 na nusu, na namba hiyo haipo. Ipo njia ya kuipinda sauti kwa amri ya ziada, lakini lazima mtu aiweke na programu inayopokea iielewe. Asipofanya hivyo, rast inayotoka upande wa pili ni wimbo wa kinanda cha shule. Programu haitoi onyo lolote, kwa sababu kwa hesabu zake hakuna kilichopotea.

MusicXML, muundo wa wazi uliobuniwa na Michael Good ili programu tofauti ziweze kusomana, ni bora zaidi: unaweza kuandika kwamba sauti imeshushwa kwa nusu ya nusu, na unaweza kueleza alama za mwanzo wa mstari zisizo za Kizungu. Tatizo ni kwamba programu inayosoma inaweza kupuuza isichokitarajia. Yule anayehamisha wimbo wa bayati kutoka programu moja kwenda nyingine anapaswa kuipitia kila mi kwa jicho, kisha aupige wimbo kwa udi halisi. Akiukabidhi bila kuupitia, kizazi kijacho kitaupokea ukiwa mzima wa umbo na mgonjwa wa sauti.

Maneno nayo yalipitia mtihani kama huo. Finale ilianza kukubali mfumo wa herufi za lugha zote katika toleo la 2012 tu. Kwa nyimbo za kale za Kiarabu zilizoimbwa Unguja, matoleo ya kabla ya hapo hayakuwa na mahali pazuri pa kuweka herufi zake.

Kampuni inapofunga daftari

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu iliyoingia sokoni mwaka 1988 na iliyokuwa nguzo ya kazi ya kuandika nota kwa zaidi ya miaka 35. Mwanzoni ilisema kwamba baada ya mwaka mmoja haingewezekana kuisajili kwenye kompyuta mpya. Malalamiko yakawa makubwa, kampuni ikabadili msimamo na kuruhusu usajili uendelee. Lakini programu isiyoendelezwa husubiri tu siku ambayo mfumo mpya wa kompyuta utaikataa.

Tangazo hilo liligusa Tanzania, hasa watunzi wa kwaya za Kikatoliki. Tovuti ya Swahili Music Notes ina maelfu ya nyimbo za kwaya zilizopangwa kwa soprano, alto, tena na besi, na mwalimu wa kwaya wa kanisa Katoliki la Minara Miwili hapa Mji Mkongwe anaweza kupata humo wimbo uliotungwa Mwanza au Songea. Hazina hiyo iko salama kwa kiasi, kwa sababu nyimbo zimewekwa kama kurasa za PDF zinazosomeka popote. Kinachoning'inia ni mafaili ya asili yaliyobaki kwenye kompyuta za watunzi. PDF hutoa ukurasa wa kuimbia. Kushusha wimbo sauti moja kwa ajili ya kwaya yenye tena wachache kunahitaji faili la asili au kuandika upya nota zote.

Na Finale si ya pekee. Sibelius, iliyoanzishwa Uingereza na pacha Ben na Jonathan Finn na kuingia sokoni mwaka 1993, ilinunuliwa na Avid mwaka 2006. Mwaka 2012 ofisi ya London ya walioitengeneza ikafungwa, na wengi wao wakaenda kuunda Dorico, iliyotoka Oktoba 2016. Finale yenyewe ilibadili muundo wa mafaili yake katika toleo la 2014, na matoleo ya nyuma hayakuweza kuyafungua. Mpangaji anayetumia programu ya kampuni moja ameweka wimbo wake chini ya bahati ya kampuni hiyo, awe ameinunua kihalali au amepewa na rafiki kwenye flashi. Huyu wa pili yuko pabaya zaidi, kwani hana masasisho yanayorekebisha kasoro zilizokwishajulikana.

Kuzirudisha nakala ziwe nyingi

Vikundi vya zamani vililinda muziki kwa wingi wa vichwa. Faili halina budi kupewa wingi huohuo kwa makusudi, kwa kuwa lenyewe halijipi.

Kazi ya kila siku ni rahisi: kila asubuhi wimbo uhifadhiwe kwa jina jipya lenye tarehe, ili kosa la leo lisiifikie kazi ya jana. Kila wimbo unapofika mazoezini, utolewe kwa namna tatu: faili la programu, PDF na MusicXML. La kwanza ni la kufanyia kazi, la pili ni la kupigia, la tatu ni la siku programu itakapokufa. Nakala ziwe kwenye diski isiyokaa imechomekwa muda wote, na moja iwe katika nyumba nyingine. Zichapishwe kwa mashine ya leza, maana wino wa maji hauvumilii unyevu wetu. Mara moja kwa mwaka mtu ayafungue mafaili yote, moja baada ya jingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Mazoezi yarekodiwe pia, hata kwa simu. Rekodi huhifadhi kile ambacho nota hazikiwezi: kimo halisi cha mi ya rast, mapambo ya mwimbaji, pumzi kabla ya kiitikio. Na vijana waendelee kufundishwa kwa sikio. Wapo wazee wanaoona nota zinaiua taarab, na wapo vijana wanaoona sikio limepitwa na wakati. Kwa upande wa hifadhi, pande zote mbili zinakosea, kwa sababu nota na sikio ni nakala za akiba, kila kimoja kwa mwenzake.

Kazi hii haiwezi kuachiwa mtu mmoja mwenye kompyuta. Mwaka 2019 DCMA ilitangaza hadharani kwamba iko hatarini kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Taasisi ikiyumba, kompyuta zake huyumba nayo. Zanzibar inazo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambazo mkusanyiko wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO mwaka 2003 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Nyumba inayojua kutunza karatasi za karne zilizopita inaweza pia kupokea nota za karne hii, zilizochapishwa na za kielektroniki. Vikundi vina hofu ya haki: wimbo ukitoka nje ya klabu utaibiwa. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni makubaliano ya maandishi kwamba zilizowekwa hazinakiliwi bila idhini ya kikundi, COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, ikiwa shahidi.

Gharama si kisingizio cha kusubiri. MuseScore ni ya bure, na muundo wa MusicXML hauna anayeutoza. Kinachohitaji fedha ni vitu vidogo vinavyosahaulika pale mfadhili anapouliza kikundi kinataka nini, na jibu likawa ni kompyuta. Safari ijayo ombi liandikwe lote: kompyuta, UPS (betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika), diski mbili za nje, rimu za karatasi, na posho ya mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuyafungua mafaili hayo na kuhakikisha nota bado zimo.